Umekimbia, Saa Imekupa Kalori 640: Ule au Usile?

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mwanza kaniandikia: "Dada, shikamoo. Nina kilo 80, kila jioni natembea haraka saa nzima kando ya ziwa. Saa janja ya mkononi inaniambia nimechoma kalori 640, na programu ya simu ya kuhesabu kalori inaniongezea chakula cha kiasi hichohicho. Nikila, uzito haushuki. Nisipokula, naogopa. Nifanyeje?"

Nilimjibu kwa mstari mmoja: mdogo wangu, usizile zote. Hakuridhika, akaniuliza kwa nini. Na hayuko peke yake. Tangu nilipoweka picha ya medali yangu ya nusu marathoni ya Kilimanjaro, kule Moshi, simu haipumziki kwa maswali ya aina hii, na wengi wenu najua mnataka kile nilichokitaka mimi: kushuka, kubaki chini, na kuendelea kula wali kama watu wengine. Basi leo nasema yote.

Mimi nilianzia kwenye klabu ya jogingi ya mtaani, hapa Dar. Kama hujawahi kuwa kwenye klabu hizi, umekosa raha. Jumamosi alfajiri, fulana za rangi moja, filimbi, nyimbo, magari yanatupisha, kilomita saba zinaisha hujajua. Halafu inakuja supu. Na supu ndiyo klabu yenyewe, tusidanganyane. Bakuli la mbuzi limejaa mpaka ukingoni, ndimu imekatwa vipande, pilipili mbuzi pembeni, chapati mbili zimekunjwa mara nne juu ya kisahani cha plastiki, mafuta yanang'aa. Soda baridi inafuata. Kocha wetu alikuwa anazunguka katikati ya mabenchi akisema, "Kuleni, mmeshalipia!" Kila mtu anacheka, kila mtu anaongeza chapati.

Kocha huyohuyo alikuwa na tabia ya kupima uzito wa wanachama kila mwisho wa mwezi na kurusha orodha kwenye kundi la WhatsApp. Mwezi mmoja jina langu likawa la mwisho: kilo 88, palepale nilipokuwa. Akaweka na vile vikatuni vya kucheka machozi. Watu wazima, wake kwa waume, wakaongeza vyao. Nilizima simu. Mpaka leo nikikumbuka naona joto usoni, ingawa kocha huyo sasa ananipigia ananiomba nije "niwape moyo wanachama wapya". Sijaenda.

Nilichofanya ni kununua mizani ndogo ya jikoni. Nikapika chapati zangu kama kawaida, ila safari hii nikipima. Donge moja la unga mkavu gramu 70, hizo ni kama kalori 255. Mafuta ya kukandia na kuchomea, kwa chapati moja, gramu 12. Kila gramu ya mafuta ni kalori 9, kwa hiyo 108. Chapati moja, zaidi ya 360! Mbili zinapita 700 kabla hujagusa supu, na soda ya mililita 350 inakuongezea kama 150. Upande wa pili, mtu wa kilo 88 anayekimbia kilomita saba anatumia karibu kalori 600, kwa sababu kukimbia hula takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Na sisi hatukuwa tunakimbia zote. Tulikuwa tunaimba, tunasimama, tunapiga picha. Hapo ndipo nilipoelewa nani alikuwa amelipia nini.

Sasa tuje kwenye saa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwavisha watu 60 saa janja za aina saba, wakalinganisha na vipimo vya maabara. Kwenye mapigo ya moyo, saa sita kati ya saba zilifanya vizuri. Kwenye kalori, saa zote zilianguka. Iliyojitahidi kuliko nyingine ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na ya mwisho asilimia 93. Saa zimeboreshwa tangu hapo, lakini bado zinakisia. Mapigo ya moyo yanapanda kwa joto, kwa chai ya rangi, kwa hasira ya foleni ya Ubungo. Saa haijui tofauti.

Hata saa ingepatia, bado kuna jambo ambalo watu hawaambiwi. Namba inayoonekana mara nyingi ni kama mshahara kabla ya makato. Ndani yake zimo kalori ambazo ungetumia hata ungelala kwenye kochi, takriban moja kwa kila kilo kwa saa. Dada wa Mwanza mwenye kilo 80, kwa kutembea haraka saa nzima, anatumia kama 380 kwa jumla. Toa 80 za kuishi tu, zinabaki 300. Saa yake inasema 640.

Na hizo 300 nazo mwili unazipunguza. Hapa nawapeleka nyumbani kabisa, Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula porini. Mwaka 2012 mtafiti wa Marekani Herman Pontzer na wenzake, akiwemo mwanaakiolojia wetu Audax Mabulla, walichapisha utafiti uliopima nguvu wanayotumia Wahadzabe kwa siku. Waliwanywesha maji maalumu yenye hidrojeni na oksijeni za uzito tofauti, kisha wakafuatilia mkojo wao. Mwanamume wa Kihadzabe alikuwa anatembea kama kilomita 11 kwa siku, mwanamke karibu 6, anachimba mizizi, anabeba mtoto. Ukizingatia ukubwa wa miili, kalori walizotumia hazikutofautiana na za watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda kwenye viti. Niliposoma nilirudia mara mbili. Maelezo ya Pontzer ni kwamba ukizidisha kazi, mwili unabana matumizi mahali pengine. Utafiti mwingine wa 2021, uliochambua takwimu za watu wazima 1,754, ulikadiria kwamba kwa wastani asilimia 28 ya kalori za ziada za shughuli zinafidiwa kwa namna hiyo. Wenye mafuta mengi mwilini ndio hufidia zaidi. Ndiyo, sisi.

Kwa hiyo za dada yetu sasa ni kama 215. Robo tatu ya chapati haifiki!

Ila kabla hujafunga mdomo, fungua mipangilio ya programu yako uone ulijiandikisha kama nani. Mimi nikiwa na kilo 88, sentimita 163, miaka 41, hesabu ya Mifflin-St Jeor inayotumiwa na programu nyingi ilinipa kama kalori 1,530 za mwili kujiendesha tu. Ukichagua "sifanyi mazoezi", zinazidishwa kwa 1.2, unapata 1,840. Ukichagua "mazoezi ya wastani", zinazidishwa kwa 1.55, unapata karibu 2,370. Ile tofauti ya 530 ndiyo mazoezi yako, yameshawekwa kwenye bajeti. Ukija jioni ukala tena za saa, unayala mara mbili. Wengi mnaoniandikia "uzito umegoma" mkiangalia hapo mtakuta jibu, wala msitafute dawa za kuchemsha.

Utaratibu wangu, ambao umenitoa 88 ukanifikisha 71: programu naiambia sifanyi mazoezi. Mazoezi ya chini ya saa moja siyahesabu kabisa, na mlo wangu haubadiliki. Yakizidi saa moja, nakula nusu ya ile namba inayoonyeshwa na saa ya mkononi, si zaidi, na nakula chakula, mayai, maharage, kiazi kitamu, si "zawadi". Kila asubuhi baada ya choo na kabla ya chai napanda mizani, halafu naangalia wastani wa wiki. Wiki tatu nne zikipita haushuki, ile nusu inakuwa robo. Unashuka kasi mno na huna nguvu, ongeza. Mizani yako ina maneno mengi kuliko saa.

Maana kutokula kabisa nako si ushujaa. Nilipoanza kujiandaa na nusu marathoni ya Kilimanjaro, mbio zangu za wikiendi zilifika kilomita 18. Kwa kilo zangu za wakati huo hizo ni kalori zaidi ya 1,300 kwa asubuhi moja. Mtu anayekula kidogo ili apungue, akikimbia hivyo bila kurudisha kitu, anajibomoa. Siku hizo nilikula uji wa ulezi kabla, ndizi njiani, na wali maharage nikirudi, bila kuomba radhi kwa mtu. Na ndiyo maana kile kilima cha kuelekea Mweka nilikipanda nikikimbia huku vijana wa miaka 25 wanatembea wameshika viuno. Naruhusiwa kujisifu kidogo. Mwanamke anayekata chakula huku anaongeza mbio anaweza kukosa hedhi, mifupa ikadhoofika, usingizi ukaruka, akawa anasikia baridi Dar mwezi wa pili. Ukiona hayo, kula, na nenda kwa daktari. Anayenyonyesha na anayetumia dawa za kisukari aanzie kwa daktari, asianzie kwangu.

Halafu jiandae kwa maneno. Nilipofika 75, kwenye shughuli moja ya familia shemeji yangu alinivuta pembeni, akasema kwa sauti ya huruma iliyosikika mpaka jikoni, "Shemeji, ukapime. Siku hizi dawa zipo." Nilikuwa nimevaa gauni jipya. Wamama wakaanza kunipakulia pilau kwa zamu, kila mmoja ananiambia "kula, mwanangu, kula". Walewale waliokuwa wananiita tenki. Nakwambia hivi: watu watakuonea aibu ukiwa mnene na watakuonea shaka ukipungua, kwa hiyo usile kwa ajili yao na usiache kula kwa ajili yao. Sahani ni yako, magoti ni yako. Ukimwachia saa, kocha au shemeji akupangie, utazunguka palepale.

Wa madafu nao wameuliza. Maji ya dafu moja kwa kawaida hayafiki kalori 100, kunywa baada ya mbio bila wasiwasi, ila ile nyama nyeupe ikishakomaa ina mafuta, ihesabu. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya kopo, geuza nyuma usome: chukua gramu za sukari, zidisha kwa nne, utapata kalori za sukari peke yake. Kama mbio zako hazikufika saa moja, maji ya kawaida yanatosha.