Orodha ya wanachama ni "is" au "are"?

Swali: Mwalimu, habari ya kazi? Mimi ni katibu wa chama cha akina mama tunaouza omena hapa Dunga, Kisumu. Kumbukumbu za mikutano huwa naziandika kwa Kiingereza. Juzi niliandika "The list of members are attached", mwenyekiti akafuta "are" akaweka "is". Sisi tuko 34, inakuwaje "is"? Kwenye ukurasa huo huo nilikuwa na "Every member contribute 200 shillings" na "She does not contributes on time", na hizo hakuzigusa. Nani yuko sawa?

Jibu: Njema, mama. Kwa "is" mwenyekiti yuko sawa. Hizo nyingine mbili zilimponyoka.

Hebu isome sentensi yako kwa Kiswahili: "Orodha ya wanachama imeambatishwa." Hukusema "wameambatishwa", maana wenzako wangecheka wakijiona wamebandikwa nyuma ya karatasi. Ulimi wako unajua kilichoambatishwa ni orodha. Kiingereza nacho kinaifuata orodha hiyo hiyo, ila "members" limekaa ubavuni mwa kitenzi likakuvuta. Muwe 34 au 340, orodha ni moja. Na "every member" ni kila mwanachama anachanga, si wanachanga, kwa hiyo "contributes".

Kinachowasumbua wengi ni ile "s" yenyewe. Kwenye nomino ni alama ya wingi, kwenye kitenzi ni alama ya umoja. Tazama: "The boat leaves at six", lakini "The boats leave at six". Ikitua kwenye boti, inaondoka kwenye kitenzi. Sisi tuna nachanga, unachanga, anachanga, tunachanga, kila nafsi na kiambishi chake. Kiingereza kilikuwa na miisho mingi zamani, ikapukutika, na kwa vitenzi vya kawaida vya wakati uliopo ikabaki hiyo moja ya nafsi ya tatu umoja. "I", "you", "we" na "they" zote ni "contribute" tupu.

Ndiyo maana "does not contributes" haikubaliki. "Does" imeshaibeba "s". Andika "She does not contribute on time".

Jihadhari na "hu-" unapopima hivi. "Atieno huuza omena", "akina mama huuza omena": kitenzi ni kile kile, hakionyeshi kama mtendaji ni mmoja au ni wengi. Pima kwa "a-" na "wa-". Lakini "hu-" ina kazi nyingine nzuri. Kama ungeweza kuiweka, usitumie "-ing". "Sisi huuza kila Jumanne" ni "We sell every Tuesday". "We are selling" iweke kwa kinachoendelea saa hii, mteja akiwa mbele yako na gorogoro mkononi. Tunachanganya kwa sababu "tunauza" yetu inabeba yote mawili.

Kuna mahali Kiswahili kitakudanganya, na kwa bahati mbaya ni kwenye pesa. Sisi husema "Shilingi mia mbili zinatosha", zikiwa nyingi. Mwingereza akizitazama kama kiasi kimoja anasema "Two hundred shillings is enough". Hapo mwenyekiti akikuandikia "are", mrudishie kalamu yake.