Kabla hujafunga mota mpya ya feni ya AC

Nyinyi mlioingia juzi kwenye umeme wa magari, hasa mnaofanyia kazi huku pwani, Mtwara mjini, Mikindani hadi Lindi: mota ya feni ikifa, msikimbilie duka la spea. Kuna kilichoiua, na mara nyingi bado kimo ndani ya gari. Ukifunga mpya bila kukitafuta, mteja atarudi.

Huku kwetu hita haina kazi, lakini feni ni hiyo hiyo moja. Ndiyo inayopuliza AC, na ndiyo inayoondoa ukungu kwenye kioo cha mbele mvua za Februari zikishika. Msiione kama kazi ya starehe.

Chomoa plagi ya mota uikague juani. Hewa ya chumvi hufanya terminali ziote kutu ya kijani, na plastiki ikishageuka kahawia ujue ilikuwa inapata moto. Feni ya gari la zamani ikiwa spidi ya juu inaweza kuvuta ampea 15 hadi 20, hata zaidi. Volti 1 ikipotea kwenye kiungio kinachopitisha ampea 20, hapo pana wati 20 za joto, karibu sawa na balbu ya indiketa inayowaka ndani ya plagi muda wote. Plagi ya namna hiyo haisafishwi kwa sandpepa ikarudishwa. Kata, weka nyingine.

Sasa jambo linalowachanganya wengi. Kwenye Toyota nyingi za zamani, chanya inatoka kwenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) moja kwa moja hadi kwenye mota, na swichi ya spidi inakata upande wa hasi. Kwa hiyo ukiwasha swichi ya gari na rilei ikashika, feni ikiwa imezimwa, ukigusa nyaya zote mbili za mota kwa taa ya testa, taa itawaka kwa zote mbili. Hiyo si shoti. Umeme umepita ndani ya mota ukaishia kwenye swichi ya spidi iliyozimwa. Nimeona vijana wakipasua dashibodi nzima kutafuta shoti isiyokuwepo. Chomoa plagi upime tena: utabaki na waya mmoja tu wenye umeme, na huo ndio chanya.

Rangi za nyaya za mota ya mtumba usiziamini. Ukigeuza chanya na hasi, mota itazunguka kinyume, na feni ya aina hii hata ikienda kinyume bado inapuliza, ila kwa unyonge. Mteja atadhani gesi imepungua. Ijaribu mezani kwanza, ulinganishe mzunguko wake na ulivyokuwa wa ile ya zamani.

Spidi ya juu ikifanya kazi peke yake, tazama resista, ile inayopunguza umeme kwa spidi za chini. Ipo ndani ya njia ya upepo makusudi, ili ipoe. Usiihamishie nje. Gari linalotoka Newala au Tandahimba wakati wa korosho, safisha vumbi na majani kwenye feni, kwa sababu upepo ukizibwa resista inaungua tena. Na kama mota ina kijibomba cha mpira cha kupozea, kirudishe mahali pake.

Waya ukiunga, ubane kwa kiungio, usisokote na kufunga tepu tu. Joto la huku linayeyusha gundi ya tepu. Fyuzi iwe ya ampea zilizoandikwa kwenye boksi, na kipande cha waya mahali pa fyuzi ni moto wa gari.

Mwisho washa injini, feni spidi ya juu, upime volti zinazopotea kutoka chanya ya betri hadi chanya ya mota, kisha hasi kwa hasi. Ikizidi nusu volti, mimi huwa sikabidhi gari. Acha feni izunguke robo saa, kisha shika plagi kwa mkono. Ikikuchoma, fungua tena.