Sheria na Dereva: Umegongana, Sasa Usikimbilie Kusaini

Maswali ya mwezi huu yametoka kwa madereva wa Kenya, kwa hiyo majibu yote yanafuata sheria za Kenya.

Nimegongana na bodaboda mjini Nakuru. Hakuna aliyefariki, ila mwendeshaji alivunjika mguu. Gari langu limezuiliwa kituoni na nimeshtakiwa kuendesha bila uangalifu. Kila mtu ananiambia nikiri, nilipe faini, nichukue gari nirudi kazini. Ni sawa?
*Dereva wa Probox, Nakuru*

Kama huamini kwamba wewe ndiye uliyekosa, usikiri. Ushauri huo wa "kiri yaishe" umewaumiza madereva wengi, kwa sababu faini ndiyo sehemu ndogo kabisa ya gharama. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinasema kuwa mtu akishatiwa hatiani na hukumu ikawa ya mwisho, hukumu hiyo ni ushahidi kamili kwamba alitenda kosa lile. Wakili wa mwendeshaji bodaboda ataibeba nakala ya hukumu hadi kwenye kesi ya fidia. Utakachobakiwa nacho ni kuonyesha kwamba naye alichangia, kwa mfano hakuwa na taa au aliingia upande usio wake, ili mahakama igawanye lawama. Kugawana lawama kunapunguza fidia, hakuifuti.

Jambo la pili ni bima. Karibu kila mkataba wa bima ya gari unamkataza mwenye bima kukubali lawama bila idhini ya kampuni. Ipelekee kampuni yako hati ya mashtaka kabla ya siku ya kujibu, kwa maandishi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Uliza pia kama mkataba wako unagharimia wakili wa kesi ya trafiki, baadhi hugharimia.

Gari nalo halihitaji kukaa kituoni hadi kesi iishe. Linazuiliwa ili likaguliwe: breki, usukani, magurudumu, taa. Ukaguzi ukikamilika, omba nakala ya ripoti kisha uombe gari liachiliwe. Ukikataliwa, wasilisha ombi mbele ya hakimu anayesikiliza kesi. Mahakama hutoa amri hiyo mara nyingi, picha zikishapigwa. Wewe mwenyewe una haki chini ya Kifungu cha 49 cha Katiba: kuelezwa sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kufikishwa kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya korti inayofuata muda huo ukiangukia siku ambayo korti haifanyi kazi, na kupewa dhamana kwa masharti ya haki pasipokuwa na sababu nzito ya kukunyima. Taarifa yako kituoni isome yote kabla ya kutia sahihi. Kama afisa ameandika "sikumwona" na wewe ulisema "alitokea ghafla kutoka kushoto", mwambie arekebishe hapo hapo. Maneno hayo mawili yana uzito tofauti kabisa kortini.

Kwa wengine ambao bado hawajafika huko: kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinakutaka usimame, utoe jina na anwani yako, za mwenye gari, na namba ya usajili. Usipoweza kuzitoa pale, piga ripoti polisi haraka iwezekanavyo na isizidi saa 24. Umati ukianza kutisha, ondoka uende moja kwa moja hadi kituo cha karibu na uhakikishe umeandikwa kwenye OB, yaani daftari la matukio la kituo. Mtu akiumia au kufariki, magari hayasogezwi bila idhini ya polisi, isipokuwa kwa sababu kama kumtoa aliyenaswa au kuzuia moto. Wakati unasubiri, piga picha. Anza na za mbali zinazoonyesha mistari ya barabara na mahali kila gari liliposimama, kisha alama za matairi na vipande vya vioo vilivyotapakaa, ndipo umalizie na namba za magari na vyeti vya bima. Vioo na udongo ulioanguka huonyesha mahali hasa magari yalipokutana. Vikishafagiliwa, kinachobaki ni neno lako dhidi ya la mwenzako.

Matatu ilinigonga kwa nyuma kwenye foleni. Mimi nina bima ya mtu wa tatu pekee. Kampuni ya bima ya matatu inanizungusha. Nani atanitengenezea gari?
*Mama wa duka, Thika*

Dada, bima yako haikusaidii hapa, kwa sababu haigharimii hasara ya gari lako mwenyewe. Unayemdai ni dereva wa matatu pamoja na mwenye matatu. Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: Sura ya 405, ile inayolazimisha bima, inalazimisha kinga ya kifo na majeraha tu. Hasara ya mali hulipwa kwa mujibu wa mkataba ambao matatu ilikata, na mkataba huo una kikomo chake. Ndiyo maana kampuni inaweza kukuzungusha, na ndiyo maana barua yako ya madai lazima iende kwa mwenye gari, nakala kwa kampuni, si kinyume chake. Kama hujui mwenye gari ni nani, tafuta rekodi za usajili za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa namba ya gari.

Usitengeneze gari kabla ya mkadiria hasara kuliona. Kosa hili huharibu madai mengi: fundi ameshanyoosha bodi, na hakuna tena cha kukadiria. Weka ripoti ya mkadiria, risiti ya ada yake, risiti ya gari la kukokota, na abstrakti ya polisi, yaani hati ya muhtasari wa ajali. Kagua abstrakti kabla hujatoka kituoni. Iwe na namba zote mbili za magari, jina la kampuni ya bima na namba ya mkataba wa matatu, na matokeo ya uchunguzi kama yapo. Ikiandikwa kwamba uchunguzi unaendelea, rudi baadaye uombe iliyokamilika. Ukiombwa pesa mkononi bila risiti, usitoe.

Ikiwa dai lako halizidi shilingi milioni 1, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Unaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60 tangu kesi ifunguliwe. Gharama halisi lazima zitajwe kwenye madai na zithibitishwe kwa makaratasi. Ukidai kwamba duka lilipoteza mapato kwa kukosa gari la kubebea bidhaa, lete taarifa za M-Pesa za kabla na baada ya ajali na risiti za gari ulilokodi. Kusema tu "nilikuwa napata elfu tatu kwa siku" hakutoshi, na mahakama hukataa madai ya namna hiyo mara nyingi.

Kampuni ikikuita kulipwa, soma fomu utakayopewa. Kwa kawaida inasema hutadai tena chochote. Kama shingo imeanza kuuma tangu ajali, usitie sahihi mpaka daktari akuone, au fomu iandikwe wazi kwamba inahusu gari tu.

Naendesha lori la kampuni. Gurudumu lilipasuka karibu na Voi, lori likapinduka, nikavunjika nyonga. Tajiri anasema ajali haina mwenye kosa kwa hiyo hakuna fidia.
*Dereva, Mombasa*

Si kweli, kaka. Uliumia kazini, na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, inayojulikana kama WIBA, haihitaji uthibitishe kosa la mtu yeyote. Mwajiri anapaswa kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 baada ya kupata habari. Asipofanya hivyo, nenda wewe mwenyewe kwenye ofisi ya kaunti ukiwa na barua ya hospitali, kadi ya kutolewa wodini na hati zako za mshahara. Usingoje upone: dai linaweza kupotea ukipitisha miezi 12 tangu ajali. Kiwango cha ulemavu kikitajwa na ukaona ni kidogo, una siku 60 za kupinga kwa Mkurugenzi. Na ikigundulika kuwa gari jingine ndilo lililosababisha, unaweza pia kumdai mwenye gari hilo.

Niliuza gari mwaka jana, logibuku bado ina jina langu. Limemgonga mtu na nimeitwa kortini.
*Msomaji, Kisii*

Sheria inamchukulia aliye kwenye usajili kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vingine, kwa hiyo usipuuze wito. Jibu ndani ya muda ulioandikwa, ambatisha mkataba wa mauzo na uthibitisho wa malipo, na uombe mnunuzi aunganishwe kwenye kesi. Ukinyamaza, hukumu itatolewa bila wewe.

Aliyeumia amedai milioni 5. Bima yangu italipa zote?
*Msomaji, Eldoret*

Hapana. Kinga ya lazima inaishia shilingi milioni 3 kwa kila anayedai. Zaidi ya hapo mzigo ni wa mwenye gari na dereva, labda mkataba wako uwe na kiwango cha juu zaidi. Tazama ukurasa wa viwango kwenye mkataba leo. Pia, kampuni ikimlipa majeruhi ingawa ulivunja sharti la mkataba, mfano ulichelewa kuiarifu, inaweza kukugeukia ikudai ilicholipa. Iarifu siku hiyo hiyo ya ajali, hata kama gari lako halina mkwaruzo.

Nina muda gani wa kushtaki?
*Wengi mmeuliza*

Miaka 3 tangu ajali, kwa majeraha na kwa hasara ya gari. Gari lililokugonga likiwa la serikali, ni miezi 12 tu.