Mama mkwe hajakunyima usingizi, mwanangu

*Shangazi, nina miaka 34, watoto wawili, nauza madera Mbagala. Sina amani kabisa, usingizi sipati. Mume wangu ni fundi ujenzi, akirudi anaoga, anakula, analala. Hajali. Mwezi wa Ramadhani aliniuliza nina nini, nikamwambia nimechoka tu, basi hajauliza tena. Mama yake yuko kwetu tangu mwaka jana alipotolewa mtoto wa jicho. Kila alfajiri anafagia uwanja, naamka kichwa kinagonga. Ananiambia "lala mwanangu, uji nitapika mimi", najua ananisema. Halafu kuna mkopo kidogo, laki nne, nilikopa kwa ajili ya kichen pati ya mdogo wangu. Kila Ijumaa napeleka riba elfu 40. Huo naumudu, mume wangu hana haja ya kuujua. Nataka nikapange chumba peke yangu nitulize akili. Nishauri.*

Pole, mwanangu. Kukosa usingizi kunatesa. Unajikuta unamfokea mtoto kwa sababu ya kikombe kilichoanguka, kisha unalia chooni.

Sasa niambie kweli: ni usiku gani unakesha zaidi? Mimi nadhani ni wa Alhamisi.

Mume umemlalamikia, mkwe umemlalamikia, deni umelitia mwishoni na kuliita kidogo. Tulipigie hesabu basi. Elfu 40 kila wiki ni 160,000 kwa mwezi, na laki nne yenyewe iko palepale, hujaigusa. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji hawa ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki nne hiyo ni 14,000. Wewe unalipa zaidi ya mara kumi! Mitaani wanauita mkopo wa kausha damu, na damu inayokauka ni yako. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwako harusi ilikuwa harusi kweli, na sare ulishona.

Unasema mumeo hajali. Aliuliza, ukamjibu uongo. Mwanamume aliyeshinda juu ya jukwaa anapandisha zege, mke akimwambia amechoka, anamwamini, maana uchovu anaujua. Hapo nipo upande wake.

Na mama wa watu umemwonea. Mtu aliyekuwa haoni vizuri, leo anaamka anayaona majani ya mwembe yametapakaa uwanjani, unataka akae ayatazame? Huko kufagia ni kumshukuru Mungu. Akikwambia "lala, uji nitapika mimi", ameshakuona macho yamekuvimba. Wangapi wanatamani mkwe wa kuwaambia hivyo!

Ndoa za siku hizi zinaniumiza. Mume ana kikoba chake cha siri, mke ana mkopo wake wa siri, simu zimefungwa nywila, wanakutana kwenye sahani ya wali kama wapangaji wawili. Bibi zetu nao walificha fedha kwenye pindo la kanga, lakini walichoficha kilikuwa akiba. Mtoto akiugua usiku, pindo linafunguliwa. Wewe ukifungua lako kuna nini?

Mimi nimewahi kuficha deni. Nilikuwa nikichambua mchele, punje na mawe sivitofautishi, masikio yangu yapo mlangoni. Nikalaumu watoto, nikalaumu joto, nikalaumu jogoo wa jirani. Siku niliyosema, mume wangu alikasirika siku mbili, hatukuongea. Lakini usiku ule ule wa kwanza nililala hadi adhana.

Chumba usipange. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi mitatu au sita, na utaitoa wapi kama si kwa mkopeshaji mwingine? Utaenda kukesha peke yako, hata wa kupika uji hakuna.

Chukua daftari la dukani, andika ulichokopa, tarehe, na kila Ijumaa uliyolipa. Usipunguze hata mia. Leo watoto wakishalala, mama naye ameingia chumbani, mwekee mumeo daftari mkononi. Usianze na "wewe hujali". Anza na laki nne. Akifoka, mwache afoke, ana haki.

Kisha nendeni wawili kwa huyo mkopeshaji. Mwombeni leseni, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo, na mwombeni nakala ya mkataba. Ukienda peke yako atakutisha kuwa atabeba friji na kochi. Ukienda na mumeo, mkiwa na daftari, maneno yake yatapungua. Mkubaliane mnapunguza laki nne kidogo kidogo. Na kama hata deni likishajulikana bado usingizi hauji au hamu ya kuishi inapotea, nenda hospitali ukaonane na daktari. Hilo ni ugonjwa, nao una tiba.

Ijumaa haiko mbali. Mumeo alijue deni hili kwa mdomo wako, kabla hajalisikia kwa mtu anayebisha hodi.