Re: Ndege ya alfajiri Stansted, nilale uwanjani?

Habari ndugu. Nimekuelewa: unasoma London, likizo ya Pasaka inaanza, ndege yako ya Roma inaruka kutoka uwanja wa ndege wa Stansted Jumapili saa 12 na robo asubuhi, na hujui utoke usiku au ukalale uwanjani.

Kwanza kabisa angalia tarehe. Kama ni Jumapili ya mwisho ya Machi, saa za Uingereza zinasogezwa mbele usiku huo: ikigonga saa 7 usiku inakuwa saa 8 papo hapo. Simu itajirekebisha yenyewe, saa ya mkononi haitajirekebisha.

Kulala uwanjani sikushauri. Taa zinawaka usiku kucha, sakafu ni ya baridi, na ukiwa umekumbatia begi usingizi hauji. Lala mapema chumbani, kisha panda basi la usiku la kwenda uwanjani. Treni ya kwanza ya asubuhi usiitegemee.

Visa ya masomo ya Uingereza haikuingizi Italia. Kwa pasipoti yetu ya Tanzania unahitaji visa ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na wataikagua kabla hujapanda, kwa hiyo isikae kwenye begi kubwa. Jisajili kwa ajili ya ndege (check-in) mtandaoni leo. Mashirika ya bei nafuu mengi hukutoza ukijisajilia kaunta.