Maswali Yenu: Vishikwambi, Insha za Mashine na Kabati Lenye Kufuli

Muhula umeanza na maswali yamefurika. Nimejibu niliyoweza. Waliorudia ya mwezi jana bila kusoma majibu ya mwezi jana wataona nimewapita.

Shule ya binti yangu wa Gredi ya 4 imeandika kwamba kila mzazi anunue kishikwambi, la sivyo mtoto "ataachwa nyuma". Nauza omena Kibuye. Nikope? – Mama, Nyalenda, Kisumu

Usikope, mama. Iulize shule mambo mawili, tena kwa maandishi: ni somo gani litakalofundishwa kwa hicho kifaa, na ni mwalimu yupi aliyefunzwa kukitumia. Wakikujibu kwamba "ndiyo mambo ya kisasa", jua hawana mpango, na wanataka wewe ulipie kukosa mpango kwao.

Usidhani nina chuki na mitambo. Jambo hili lilishapimwa hapa hapa Kaunti ya Kisumu, chini ya mradi wa kusoma wa PRIMR, ule uliotangulia Tusome, mpango wa kitaifa wa kufundisha watoto wadogo kusoma. Kundi moja la shule, wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki. La pili, walimu ndio waliopewa vishikwambi. La tatu, vishikwambi vilikwenda kwa maafisa wanaozuru shule kuwaelekeza walimu. Makundi yote matatu yaliwashinda wale ambao hawakuingizwa kwenye mradi. Lakini yalipolinganishwa yenyewe kwa yenyewe, tofauti ya maana haikuonekana, ilhali kumpa kila mtoto kifaa ndiko kulikokula pesa nyingi zaidi. Kilichokuwa kwa wote ni vitabu, mwongozo wa kila kipindi, na mtu wa kuingia darasani kumwona mwalimu akifundisha. Matokeo yalichapishwa 2016, mwaka uleule serikali ilipoanza kugawa vishikwambi vya Darasa la Kwanza.

Ulicho nacho nunulia vitabu viwili vya hadithi, kimoja cha Kiswahili na kimoja cha Kiingereza, binti akusomee jioni ukiwa unachambua omena. Hata kama Kiingereza kinakupiga chenga, mtoto akikwama utasikia.

Je, kompyuta zitachukua nafasi ya walimu? – Wengi mno

Hapana. Mnalileta kila mwezi, na hakuna hata mmoja anayeuliza kwa nini shule ya kijijini kwao ina mwalimu mmoja kwa madarasa mawili.

Vishikwambi vya serikali vimefungiwa kabatini tangu vilipoletwa. Mkuu wetu anahofia vikiibwa atavilipa. Tufanyeje? – Mwalimu, Luanda, Vihiga

Sitamcheka mkuu wenu. Aliletewa vifaa akaambiwa atie vyuma madirishani, kufuli na mlinzi wa usiku, lakini pesa ya mlinzi hakuiona. Mgao wa serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka, na humo humo mna chaki, stima na ukarabati. Vifaa zaidi ya milioni moja viligawiwa nchini. Siku ya uzinduzi ilikuwa na hema, viti na soda. Fundi hakutengewa kitu.

Chagueni Jumamosi moja mlifungue kabati. Kwanza tafuteni vyenye betri iliyovimba, mvitenge, na msithubutu kuvichaji. Vilivyobaki vichomekeni, betri iliyolala miaka bila chaji hufa, kwa hiyo vingi vitakataa kuwaka. Vitakavyowaka vitumieni kimoja kwa watoto watatu au wanne. Binafsi naona hiyo ni afadhali kuliko kila mtu na chake, maana watoto wanalazimika kubishana kuhusu jibu. Vilikuja na masomo ndani, bando halihitajiki. Wekeni daftari la kutoa na kurudisha, mwalimu atie sahihi. Na vilivyokufa viandikwe vimekufa, bodi ya shule ipewe orodha kwa barua. Mkuu hawezi kulala akilinda maiti za vishikwambi.

Kijana wangu wa Gredi ya 8 anaandikiwa insha na akili mnemba kwenye simu yangu, na mwalimu anampa alama nzuri. Nimnyang'anye simu? – Baba, Bahati, Nakuru

Simu ni yako. Ichukue.

Insha uliyonitumia nimeisoma. Mada ni "Siku ya soko kwetu", na inaanza: "Katika ulimwengu wa sasa unaobadilika kwa kasi, masoko yana nafasi muhimu." Zinafuata aya tatu zinazolingana kama matofali, kila moja na faida yake. Hakuna anayeuza kitu. Hakuna matope, hakuna punda, wala mama anayemkemea mteja kwa kubonyeza nyanya. Soko la Bahati lisilo na kiazi hata kimoja, na mwalimu akaandika "Hongera"! Mwalimu huyo ndiye ninayemlaumu kuliko kijana, ingawa najua ana rundo la madaftari linalomfikia kidevuni.

Dawa yake si ngumu. Insha iandikwe darasani, kwa kalamu, kipindi kimoja. Nyumbani, kabla hajashika kalamu, akusimulie kwa mdomo aliyoyaona sokoni. Akishaandika, ndipo mashine iruhusiwe kumwonyesha makosa ya upatanisho wa kisarufi, na yeye ndiye ayasahihishe. Awe macho lakini: hiyo mashine hubuni methali ambazo hakuna nyanya aliyewahi kuzitamka, tena kwa uso mkavu.

Hatuna maabara ya maana. Video za majaribio ya kemia zinatosha? – Mwalimu, Butere

Kuonyesha zinatosha, na wakati mwingine zinashinda maabara. Sodiamu ikitupwa majini, mtoto wa nyuma haoni kitu. Kwenye video unairudisha mara tano, unaisimamisha pale pale mwali unapozuka. Chembe zinavyotawanyika kwenye gesi, ubao hauwezi kukuonyesha, projekta inaweza. Hapo sibishani na mtu.

Lakini karatasi ya tatu ya kemia katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, hufanywa kwa mikono. Asidi iko kwenye bureti, ule mrija mrefu wa kupimia wenye koki, kimiminiko cha waridi chenye kiashirio cha fenolfthalini kiko chini kwenye chupa, na mtahiniwa anatakiwa afunge koki kwenye tone lile lile linaloiondoa rangi. Tone moja zaidi na jibu limeharibika. Asome kipimo jicho likiwa sambamba na sehemu ya chini ya mbonyeo wa kimiminiko, si kwa kuinamia kutoka juu. Kidole hakijifunzi hayo kwa kutazama. Bureti chache za kupokezana zitawafaa kuliko projekta ya pili. Ombeni shule jirani iwape maabara yao siku moja ya wikendi.

Mwanangu haoni. Kompyuta itamsaidia kweli au ni biashara za watu? – Mama, Mamboleo, Kisumu

Itamsaidia, na kwa mtoto kama wako siwezi kusema kifaa ni anasa. Kuna programu ya bure iitwayo NVDA inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, na huja na sauti ya Kiswahili. Sauti yenyewe ni ya kibati, mtoto huizoea. Atahitaji mtu wa kumfundisha kibodi bila kipanya. Breli asiiache: tahajia na hesabu hazishikiki vizuri kwa masikio peke yake.

Nipe programu bora ya hisabati. – Msomaji, Kakamega

Ya gredi gani? Simu gani? Bando la nani? Andika upya.

Tunataka kupandisha picha za wanafunzi Facebook ili kuvutia wazazi wapya. Kuna tatizo? – Mwalimu mkuu, Molo

Lipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru shilingi milioni 4.55 kwa kosa hilo hilo. Mzazi kunyamaza kwenye kundi la WhatsApp si ridhaa. Fomu ni ukurasa mmoja tu. Iandike kwa Kiswahili ili hata nyanya anayelea mjukuu aielewe. Asiyetia sahihi, mtoto wake asipigwe picha, wala asisimamishwe kando wenzake wakipigwa.