PhD ya kulipwa: acha kutafuta mchongo, tafuta mwenye swali

Jumamosi ni siku ya soko Tengeru, nje kidogo ya Arusha, na anayenitafuta siku hiyo hana haja ya kupiga simu. Kijana alinikuta nachagua parachichi. Shikamoo, marahaba, kisha simu ikatoka mfukoni. "Kaka, naomba unipe mchongo wa PhD ya nje. Nimetuma barua pepe sabini, hakuna anayejibu."

Nikamwomba anionyeshe moja. Alijitambulisha kuwa ni Mtanzania kutoka familia ya kipato cha chini, akaomba ufadhili wowote, nchi yoyote, fani yoyote ya sayansi. Nikacheka, wala si kwa dharau. Barua ile naijua vizuri. Niliiandika mwenyewe mwaka wangu wa kwanza wa kuhangaika, nikaituma kwa maprofesa arobaini na tatu. Jibu pekee nililopata lilitoka kwa kompyuta: mhusika yuko likizo mpaka Septemba.

Nadhani neno "ufadhili" ndilo linalotuponza. Tumekua tukiona wafadhili wakilipa ada na kuchimba visima, kwa hiyo tukisikia PhD yenye ufadhili tunapiga magoti kabla hatujaulizwa jina. Kwenye sayansi mambo mara nyingi hayaendi hivyo. Profesa ameandika andiko la mradi wa utafiti, ameshinda fedha za serikali yake au za Umoja wa Ulaya, na ndani ya bajeti kuna fungu la mwanafunzi mmoja au wawili wa uzamivu kwa miaka mitatu au minne. Fedha ile itatumika, uwepo usiwepo. Anachotafuta ni mikono inayoijua maabara na kichwa kisichokata tamaa sampuli zikigoma. Ujerumani, Uholanzi, Uswidi na Norway, wengi wa wanafunzi hao ni waajiriwa kabisa: mkataba, mshahara, makato, likizo. Ndiyo maana nafasi zao utazikuta kwenye matangazo ya kazi ya vyuo na kwenye tovuti ya EURAXESS, wakati wewe unapekua kurasa za "scholarship" mpaka bando linakata.

Mimi nimezaliwa Maji ya Chai. Asiyepajua, ni hapo njiani kati ya Usa River na njia ya uwanja wa ndege wa KIA, na jina linatokana na rangi ya mto. Maji ya upande wetu wa Mlima Meru yana floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi kwa miaka mingi kiwango chetu kiliruhusu hadi 4. Floraidi ikizidi huharibu rangi ya meno, ndiyo maana mtu wa kwetu humtambua akicheka tu. Meno yangu ni ya kahawia, nimepigwa picha za shule nikiwa nimefunga mdomo tangu darasa la tatu.

Baada ya shahada ya uzamili pale chuo cha Nelson Mandela, hapo hapo Tengeru, nilibaki kama msaidizi kwenye mradi wa maji. Kazi yenyewe ilikuwa kubeba chupa. Chupa za plastiki, kwa sababu floraidi na kioo hawapatani. Unasuuza mara tatu kwa maji yale yale ya kisima, unajaza, unaandika namba kwa kalamu isiyofutika, unapanda bodaboda kwenda kisima kinachofuata. Kuna kisima kimoja kilikuwa kinanikera. Kiangazi kinasoma hivi, masika kinasoma vile, na tofauti ilikuwa kubwa kuliko visima vya jirani zake. Nilirudia kwa gharama yangu, nikidhani nimekosea elektrodi, kile kifaa cha kupimia floraidi. Sikukosea.

Barua yangu ya arobaini na nne, kwa profesa mmoja wa Ujerumani, ilikuwa na aya tatu. Ya kwanza ilisema nimesoma makala yake moja na kuna sehemu sikukubaliana nayo. Ya pili ilieleza kisima changu, pamoja na jedwali dogo la vipimo vya miezi minane. Ya tatu iliuliza kama ana nafasi ya uzamivu au anatarajia kuipata. Hakuna familia ya kipato cha chini humo. Alijibu siku ya pili, akasema kwa sasa hana fedha ila nimtumie vipimo vilivyobaki. Miezi sita baadaye tangazo la kazi likatoka, naye akanitumia mwenyewe niombe kama watu wengine.

Usaili ulifanyika kwa Zoom. Nilienda kwa binamu yangu Usa River maana ana jenereta, nikanunua bando kwenye laini mbili. Watu watatu upande wa pili. Mmoja akaniuliza kwa nini floraidi na si kitu kingine. Nikaisogelea kamera, nikafungua mdomo. Kimya kidogo, halafu kilichofuata hakikuwa huruma: walinikalia dakika ishirini juu ya kisima kile tu. Swali moja lilinishinda, nikasema sijui, lakini ningeanza kwa kupima kalsiamu, maana ikipungua floraidi hupata nafasi ya kupanda. Baadaye msimamizi wangu aliniambia ile "sijui, lakini ningeanza" ndiyo iliyonipa kazi. Mkataba ulisoma asilimia 65. Nikadhani mchana nitakuwa huru. Wajerumani wenzangu wa maabara walicheka sana. Asilimia 65 ni ya mshahara, kazi ni siku nzima.

Njia si hiyo moja. Marekani unaweza kuingia uzamivu moja kwa moja ukiwa na shahada ya kwanza, miaka mitano au zaidi, chuo kinafuta ada na kukulipa posho kwa kufundisha au kwa utafiti. Madirisha mengi ya maombi hufungwa Desemba, na ada ya maombi unaweza kuomba usamehewe, omba bila aibu. Uingereza kuna ufadhili wa Commonwealth. Japani kuna MEXT, ufadhili wa serikali yao, unaanzia ubalozini. DAAD, shirika la ufadhili wa masomo la Ujerumani, huangalia shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka sita, kwa hiyo ukijivuta na kazi za muda muda unajifungia mlango. Mitandao ya uzamivu ya Marie Curie ya Umoja wa Ulaya haijali uraia. Sharti ni usiwe umeishi nchi unayoiombea zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita, na sharti hilo sisi wa huku tunalitimiza tukiwa tumelala. Wala si lazima uvuke bahari. Icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Nairobi, wana programu ya uzamivu ya sayansi ya wadudu tangu 1983, na toka Arusha ni safari ya basi ya siku moja. Dada zangu waangalie pia shirika la OWSD, ufadhili wao ni wa wanasayansi wanawake tu.

Makaratasi ndiyo yaliniumiza kuliko kemia. Kwenye cheti cha kidato cha nne jina la baba lina herufi "h", kwenye pasipoti halina. Kwetu ni mtu yule yule, kwa mfumo wa kompyuta ni watu wawili. Nilipoteza wiki tatu nikitafuta hati ya kiapo kwa wakili, dirisha moja likafungwa nikiwa kwenye foleni ya steshenari. Panga vyeti vyako mezani leo, usome jina herufi kwa herufi.

GPA nayo ieleze. Kwetu 3.8 kati ya 5 ni daraja la pili la juu. Mmarekani amezoea mwisho wa 4, na kwa Mjerumani ndiyo balaa kabisa, maana kwao 1 ndiyo bora na 4 ni kuponea chupuchupu. Andika mstari mmoja kwenye wasifu unaosema mizani ni ya 5 na daraja lako linaanzia wapi.

Barua za mapendekezo: mhadhiri wangu mmoja aliahidi kuandika, kiungo kikaangukia kwenye barua taka, siku ikapita. Nilikasirika, lakini nilimwomba zikiwa zimebaki siku nne. Siku hizi namwambia kila mtu ampe mwalimu mwezi mzima, amkumbushe aliyoyafanya maabara, na wiki ya mwisho akasimame mlangoni kwake. Barua pepe peke yake haitoshi kwa mwalimu mwenye wanafunzi mia mbili.

Kuna bwana mmoja mjini aliwahi kunitaka laki nane ili "anipenyeze" chuo fulani. Jiulize ni mwajiri gani anayedai pesa ili akulipe mshahara.

Halafu kuna fedha ya kabla ya fedha, ambayo watu hawaisemi. Niliposikia habari ya akaunti iliyofungwa ya Ujerumani, yaani fedha za kujikimu unazotakiwa kuziweka benki ili upate viza, euro 11,904 kwa mwaka, nilitaka kuacha. Kumbe hiyo ni kwa anayekwenda bila kipato. Mkataba wa kazi unaotosha au barua ya ufadhili inachukua nafasi yake. Hata hivyo kuna basi la alfajiri kwenda Dar na kurudi, kuna viza pale Umoja House kwenye ubalozi wa Ujerumani, tiketi ya ndege, dhamana ya chumba, na mshahara wa kwanza unaingia mwisho wa mwezi. Idara yangu ilikubali kulipa tiketi, ila kwa mtindo wa lipa kwanza ulete risiti. Mama alikopa kwenye kikoba chao. Kwa hiyo ukipata barua ya kukubaliwa, swali la kwanza kuandika liwe hili: mnasaidiaje gharama za kuhamia, na lini?

Turudi sokoni. Nilimuuliza yule kijana ameshika nini kwa mikono yake, si cheti. Akafikiri. Akasema alifanya mafunzo kwa vitendo kwenye kahawa, na shamba la babu yake Kibosho lina mibuni ya zamani ambayo ugonjwa wa chulebuni huipiga vibaya chini ya migomba, lakini ile iliyo wazi inapona kidogo. Aliwahi kuhesabu punje mbovu tawi kwa tawi, misimu miwili, akaandika kwenye daftari.

"Daftari liko wapi?"

"Nyumbani. Lakini ile ilikuwa ya babu tu, kaka."

Nikamlipa mama wa parachichi, nikamwambia kijana Jumatano ni siku ya soko tena, aje na daftari.